Soma mashine, usisomee kampuni: safari yangu ya ufundi mitambo Mtwara

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipumziki. Wanapiga wapwa zangu, watoto wa majirani wa Nanyamba, na wazazi ambao hatujawahi hata kuonana. Swali lao karibu ni lilelile: "Kaka, nisomee nini niingie kile kiwanda cha saruji?" Mwaka mwingine wanauliza gesi. Mwaka mwingine ni mtambo wa kusindika gesi wa Likong'o kule Lindi, ambao tumeusubiri tangu niko shule. Nimekuwa nikiwajibu mmojammoja, nusunusu, nikiwa nimetoka zamu. Leo naandika yote kwa pamoja, maana naona vijana wanapoteza miaka na wazazi wanapoteza pesa ya korosho kwa kusomea jina la kampuni.

Mimi nimekulia katika gumzo hilohilo. Nilikuwa mdogo gesi ya baharini ilipokuwa habari ya kila kijiwe, hoteli zikichomoza Mtwara mjini na kodi za vyumba zikipanda. Mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika, mtambo wa kuchakata gesi ya Mnazi Bay ukaanza kazi Madimba, na kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa mwaka huohuo. Shuleni kwetu kila mvulana alitaka kuchomelea mabomba. Hakuna aliyetueleza kwamba kinachokula watu wengi ni ujenzi, tena kwa muda mfupi. Bomba likishafukiwa, unabaki mtambo unaoangaliwa na watu wachache kwa zamu. Kaka zetu waliochukua kozi za harakaharaka kwa ajili ya ujenzi ule walirudi nyumbani na vyeti vizuri, vikakaa kwenye mabegi.

Aliyenigeuza mawazo ni mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ana sauti juu ya mtoto wa dada yake, na ndiye aliyekuwa ananilipia. Ujana wake alifanya kazi kwenye kimoja cha viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa huku kusini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ambavyo vingi vilikuja kusimama na kugeuzwa maghala. Nilipomwambia nataka kusomea gesi, aliniuliza gesi ni kazi gani. Sikuwa na jibu. Akasema: "Mpwa wangu, mimi kiwandani nilijua kubonyeza swichi tu. Kiwanda kilipofungwa, kazi yangu ikaisha siku hiyohiyo. Mwenzangu aliyekuwa anafungua pampu hakukaa hata mwezi, walimwita Ndanda kwenye pampu za maji." Ndipo nikaomba kozi ya ufundi mitambo.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha wengi kabla hata hawajashika spana. Watu huuliza ada. Kwenye chuo cha serikali ada ndiyo iliyotusumbua kidogo kuliko vingine vyote. Kilichotutoa jasho ni vitu vya pembeni. Ovaroli nililipa shilingi 35,000. Viatu vyenye chuma mbele nilipata vya 60,000. Vilikuwepo vya 25,000 pia, na wenzangu walionunua hivyo walikuwa wanateleza nyayo zikikutana na mafuta. Vernia ya chuma, kile kifaa cha kupimia unene, ilikuwa 45,000, na inunue ya chuma kweli, maana ile ya plastiki inakudanganya vipimo. Chumba nilipanga Magomeni ya Mtwara mjini kwa 25,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi mitatu kabla sijaingiza godoro. Hapo hujala, hujapanda bodaboda, hujanunua daftari la michoro.

Jambo ambalo mzazi wa Mtwara na Lindi anatakiwa kulipanga mapema ni kalenda. Kozi ndefu za VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, huanza Januari, na fomu hutoka miezi kadhaa kabla. Ukisubiri matokeo ya kidato cha nne ndipo uanze kuulizia, umeshachelewa mwaka mzima. Korosho nazo zinauzwa kuanzia Oktoba, mnada baada ya mnada, na fedha haiingii siku unayoihitaji. Mwaka wangu malipo ya kwetu yalichelewa, mama akauza mbuzi na mjomba akakopa kwa shemeji yake. Kama una mtoto unayetaka aende Januari, weka pesa ya chumba na viatu kwenye msimu uliotangulia, usiitegemee ya msimu huu.

Muhula wa kwanza nilitaka kuacha. Nilidhani tutafungua injini. Badala yake tulipewa kipande cha chuma, tukakifunga kwenye jiliwa, tukapewa tupa. Kazi ilikuwa kukipiga tupa mpaka kiwe bapa na pembe zake ziwe nyuzi 90, juu, chini na ubavuni. Mwalimu anaweka skwea, kifaa cha kukagulia pembe, anainua juu dirishani. Mwanga ukipita chini ya skwea, rudi. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota tena. Wiki kwa wiki ni tupa tu. Wenzetu wa umeme walikuwa tayari wanawasha taa na kupiga picha, sisi tunakwangua chuma. Kuna waliohama kozi kwa sababu hiyo. Baadaye ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinajengwa: mkono uliokaa na tupa kwa muda mrefu unajua kosa dogo kuliko jicho linavyoweza kuliona. Mota na pampu zikiungwa kwa kaplingi, shafti zake zikiachana kidogo tu, chini ya milimita moja, beringi, yaani zile ringi zenye gololi zinazobeba shafti ikizunguka, hazidumu. Mtu aliyeruka hatua ya tupa anafunga boliti, anawasha, mashine inanguruma, anasema imepona. Baada ya wiki chache anaitwa tena.

Somo lililonifungua macho lilikuwa la beringi. Mwalimu alishika moja yenye namba 6205 akauliza itaingia kwenye shafti ya unene gani. Kimya. Akasema, chukueni tarakimu mbili za mwisho, mzidishe kwa 5. Yaani 05 mara 5 ni 25, tundu lake ni milimita 25. Ukikuta 6308, ni milimita 40. Kanuni inaanzia 04 kwenda juu. Chini yake unakariri: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Siku hiyo niliona kwamba mashine zina lugha yao isiyojali zimetoka nchi gani. Nimefanya kazi na mashine ambazo kitabu chake kimeandikwa Kichina kuanzia jalada hadi mwisho. Sijui herufi hata moja, lakini namba ya beringi naisoma, kibati cha mota chenye vipimo vyake nakisoma, na mchoro wa umeme naufuata kwa alama zake.

Na namna ya kuivalisha. Beringi inayokaa kwa kubana kwenye shafti, nguvu yote ipite kwenye ringi ya ndani. Ukigonga ringi ya nje, pigo linapita kwenye gololi, linaacha vidonda vidogo usivyoviona, na beringi mpya inakufa ikiwa mpya. Ikibana sana, ipashe moto taratibu itanuke, isizidi nyuzi joto 120, na usiichome kwa gesi ya kuchomelea. Grisi nayo ina kipimo. Nimeona watu wakijaza grisi mpaka inamwagika wakidhani wanaitendea mema, kumbe grisi ikizidi inapata joto ndani, na beringi inaungua kana kwamba haikupakwa kitu.

Ikaja fildi, yaani mafunzo ya vitendo kiwandani, na huko ndiko nilikojifunza mengi na kuumia moyo pia. Kupata nafasi ni kazi. Barua za chuo unapewa, lakini mlinzi wa geti anaipokea, anaiweka chini ya kitabu cha wageni, basi. Kilichonisaidia ni kumtafuta fundi mkuu mwenyewe, si ofisi ya rasilimali watu. Nilimsubiri akitoka zamu, nikamwamkia, nikamweleza nasoma nini na ninachoweza. Wale wazee wa karakana wanajua wanahitaji mikono. Nilipata nafasi kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Hawakunilipa, nauli nilijitegemea, na chakula cha mchana walitupa.

Kiwanda cha korosho ni shule kubwa kuliko watu wanavyodhani. Korosho ghafi zinachambuliwa kwa ukubwa, zinapikwa kwa mvuke, zinapoozwa, zinapasuliwa, kiini kinakaushwa, ngozi yake inamenywa, kisha zinapangwa madaraja na kufungwa. Katika mlolongo huo kuna boila la kuchemshia maji yawe mvuke, kompresa, mota, giaboksi, feni za kikaushio, minyororo na mikanda. Na kuna yale mafuta ya ganda. Yanababua ngozi kabisa. Yanaingia kwenye visu vya kupasulia yanaganda, yanashika spana, ukijifuta jasho usoni umejichoma. Vaa glavu, na osha vifaa kabla ya kuvirudisha kwenye boksi, kwa sababu atakayevishika kesho hatajua.

Mzee wa boila alinifundisha kwa maneno machache. Kila akiingia zamu, kabla ya salamu, anaangalia kioo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila. Aliniambia: "Kijana, maji yasipoonekana kwenye kioo, usikimbilie kufungua maji ya baridi. Zima moto kwanza." Maji baridi yakikutana na chuma kilichokauka na kuwa chekundu, mvuke unaozaliwa pale unaweza kulipasua boila. Vali ya usalama aliijaribu kwa ratiba, na hakuruhusu mtu aibane zaidi ili presha ipande. Mzee yule hana cheti hata kimoja. Ningekuwa na mamlaka ningemwajiri afundishe.

Sasa niseme lililoniuma. Katika fildi ileile, kijana mwenzangu alitumwa kusafisha chini ya mkanda wa kusafirishia. Swichi ilizimwa, kweli. Lakini haikufungwa kwa kufuli, na hakuna kibao kilichotundikwa. Zamu ikabadilika. Aliyeingia aliona mkanda umesimama, mzigo unasubiri, akabonyeza. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Ile sauti sitaki kuieleza. Siku hiyo sikula, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiingia kiwandani naangalia kila mkanda kama unaweza kuamka wakati wowote. Uongozi ulifanya kikao, wakasema vijana wawe makini. Makini! Hata mtu makini kiasi gani hawezi kuzuia kidole cha mtu mwingine kwenye swichi ya upande wa pili wa ukuta.

Tangu hapo natembea na kufuli langu, lenye funguo moja ninayokaa nayo mwenyewe. Lilinigharimu kama 5,000 hivi. Nazima umeme kwenye swichi kuu ya mashine, si kwenye kitufe tu. Nafunga kufuli, natundika kadi yenye jina langu. Kisha natoa nguvu iliyobaki ndani: hewa ya kompresa, mvuke, uzito ulioning'inia, springi iliyobanwa. Mwisho nabonyeza kitufe cha kuwasha nione kama imekufa kweli, na kwenye waya napima kwa mita. Tukiwa mafundi watatu, yanakaa makufuli matatu. Kama kiwanda hakina utaratibu huo, uanze wewe. Msimamizi akikuambia unapoteza muda, mwache aseme. Mimi nimeshaambiwa na bado sijaondoa kufuli.

Chuo kilinipa ufundi mitambo, lakini viwanda vyetu vingi vidogo haviajiri fundi mitambo na fundi umeme. Vinaajiri mtu mmoja. Kwa hiyo usiku nilikaa na wenzangu wa umeme, nikajifunza ya msingi. Kwamba mota ya fezi tatu ukibadilishana waya wowote wawili inageuza mzunguko. Kwamba mota yenye ncha nne za sumaku kwenye umeme wetu wa hezi 50 inakaribia mizunguko 1,500 kwa dakika, na kibati mara nyingi kinaandika kama 1,440. Kwamba fezi moja ikikatika, mota inaendelea kuunguruma huku inaungua, na kinachoiokoa ni ovaloadi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, iliyopangwa kulingana na ampea za kwenye kibati. Kuna tabia mbaya nimeikuta sehemu nyingi: ovaloadi ikikata mara kwa mara, mtu anaipandisha juu isikate tena. Kuna kitu kinaizidi mota nguvu, pengine beringi imekwama au mzigo ni mkubwa, na yeye amenyamazisha kinachompa taarifa. Ukitaka kufunga nyaya za majengo kama kazi, hapo unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hilo ni jambo jingine na lina madaraja yake.

Huku pwani kuna adui mwingine asiye kwenye vitabu, upepo wa chumvi. Fungua kabati la umeme lililo karibu na bahari uone shaba ilivyogeuka kijani. Boliti za chuma cha kawaida zinaliwa. Nimejifunza kupaka grisi nyuzi za boliti kabla ya kuzifunga, na kukagua milango ya makabati inafunga vizuri. Ukitoka Masasi au Newala ukaja kufanya kazi Mtwara mjini, hili litakushangaza.

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani bila kazi muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nasema wazi kwa sababu wengi hudhani cheti ni tiketi. Nilirudi Nanyamba, nikapalilia mikorosho ya mjomba, nikatengeneza mabomba ya kupulizia dawa na mashine za kusaga. Usidharau mashine ya kusaga. Ina mota au injini, puli, mkanda, beringi na shafti, na mwenye nayo anakulipa siku hiyohiyo. Ajira ya kwanza ilinijia kwa wakala anayepeleka vibarua viwandani. Nilisaini karatasi moja. Kabla hujasaini, uliza saa na malipo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Uliza michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa wapi, na uhakikishe kwenye taarifa yako mwenyewe. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa wewe kwa ajili yake, kuna kosa. Yule mwenzangu wa vidole ndiye aliyenifanya nisome mambo haya.

Kazi niliyonayo sasa niliipata kwa daftari. Tangu fildi nilikuwa naandika kila mashine: namba ya beringi, saizi ya mkanda, ampea inazovuta ikiwa nzima, joto lake, ilikufa lini, nilikuta nini ndani. Kwenye usaili walinipa swali la pampu inayopiga kelele. Nikafungua daftari nikawaonyesha pampu ya namna hiyo niliyowahi kuishughulikia, nikaeleza nilianza kuangalia wapi: kwanza upande wa kuvuta, kama chujio limeziba au hewa inaingia, ndipo nikaenda kwenye beringi. Fundi mkuu alichukua lile daftari akalisoma kurasa nyingi kimya. Cheti alikiangalia mwisho.

Rafiki yangu tuliyesoma naye yuko kiwanda cha saruji. Alinieleza habari ya tanuru linalozunguka, ambalo ndani yake mawe yanafika karibu nyuzi joto 1,450. Likizimika ghafla likiwa la moto, haliachwi limesimama hata kidogo, kwa kuwa linapinda kwa uzito wake. Linazungushwa polepole kwa mtambo wa akiba mpaka lipoe. Nilimuuliza kinachomsumbua zaidi ni nini. Akataja beringi, giaboksi, vumbi kwenye grisi na mikanda inayokwenda upande. Yaleyale ya kwetu kwenye korosho, yaleyale ya mashine ya unga Nanyamba. Ndiyo maana naumia ninapoona mtoto mwenye akili amekaa nyumbani akisubiri kampuni fulani itangaze nafasi, wakati pampu za maji, mitambo ya barafu ya wavuvi na vinu vya unga vinahangaika bila fundi.

Kabla ya kulipa pesa chuo chochote, cha serikali au cha binafsi, omba kuingia karakana siku ya kazi. Angalia jiliwa ni ngapi na wanafunzi ni wangapi. Angalia kama mashine za kukereza zina mabaki mapya ya chuma kilichokatwa chini yake au zina vumbi. Uliza waliomaliza mwaka jana wako wapi, uongee na mmoja wao. Karakana safi kupita kiasi, iliyopakwa rangi mpya na haina harufu ya mafuta, iulize maswali zaidi.

Na wewe ambaye umefanya kazi hii kwa miaka bila kukaa darasani, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Unapimwa kwa vitendo na unapewa cheti. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi, mwendesha mashine ya kukaushia aliyekuwa anaitengeneza mwenyewe ikikwama, alisita sana, akisema hajui kuandika kiingereza cha mtihani. Nilimwambia aende aulize ofisini kwao kwanza. Alienda, akapimwa, na sasa anasimamia zamu. Nilipompigia wiki iliyopita alikuwa amevua kifuniko cha giaboksi, akaniomba nimtajie tundu la 6310. Alishalijua. Alitaka tu kuhakikisha.